Kipande Namba Saba

Wenzangu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, wanacheka nikisema nimestaafu. Wanasema mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha kazi tu, tena huwa ana sababu asiyotaka kuitaja. Sababu ninayo, na nitaitaja. Haya ninayaandika kwa ajili yenu mnaoanza ukalimani sasa, mnaoshuka uwanja wa ndege na kamusi mpya na viatu vitakavyowaumiza. Ya malipo sitayagusa. Mtayajua wenyewe na mtahuzunika wenyewe.

Nilikuja China kwa udhamini wa serikali kusoma fizikia. Nilipomaliza niligundua kwamba nyumbani hakuna maabara iliyokuwa ikiningoja. Hapa Guangzhou, wafanyabiashara kutoka Dar, Unguja, Mbeya na Mwanza walikuwa wameanza kuja, wachache wachache, wakinunua kwa kunyoosha vidole na kubonyeza kalkuleta. Mtu aliyeweza kusema kwa Kichina zaidi ya "bei gani" alikuwa mali.

Siku ya kwanza nilipelekwa Shahe, soko la nguo, na Bwana Sefu. Huyu ni Mzanzibari aliyekuja zamani kusomea reli, akaoa hapa, akabaki, na reli hakuijenga hata moja. Alinipa sumaku ndogo, ya ukubwa wa punje ya kunde, na utepe wa kupimia. "Zipu ya shaba sumaku hainasi," akaniambia. "Ya chuma iliyopakwa rangi inanasa. Mwenye duka atakuapia kwa wazazi wake wote wawili, wewe toa sumaku. Haijui Kichina, kwa hiyo haidanganywi."

Siku hiyohiyo nilifanya kosa la kila mkalimani mpya. Muuzaji alisema "meiyou", yaani hakuna, nami nikamgeukia mteja wetu nikamwambia hakuna. Sefu alinivuta pembeni.

"Hakuna kwa nani?" akauliza.

"Kasema hakuna."

"Binti, duka lina shehena mpaka darini. Hakuna kwa bei hii? Hakuna kwa mtu mweusi? Hakuna kwa sababu anataka kula chakula chake cha mchana? Akikwambia meiyou, usiondoke. Uliza hakuna kwa nani."

Nililipenda swali lile kuliko yote niliyofundishwa chuo kikuu. Nilikuwa tayari na tabia ya kuuliza, Sefu akanipa leseni. Wafanyabiashara wakaniita Bi Kwanini, na baadhi yao hawakumaanisha sifa.

Baada ya Shahe nikahamia kazi za Xintang, kwenye karakana za suruali za jinzi. Huko kuna desturi ambayo lazima niieleze, kwa sababu habari yangu yote inasimama juu yake. Mteja huonyeshwa suruali nzuri, akazikubali, zikafungwa marobota. Usiku wa mwisho kabla ya kontena kuja, marobota hufunguliwa, mazuri yakatolewa na mabovu yakaingia. Mteja hugundua akiwa Kariakoo, na toka Kariakoo hadi Xintang hakuna mtu wa kumpigia kelele. Kwa hiyo watu wetu walianzisha kulala na mzigo. Unatandika jamvi juu ya marobota yako, unajifungia kwa ndani, unalala hapo mpaka kontena lifike. Ushauri huo Sefu aliwapa wengi. Ulikuwa ushauri mzuri, uliokoa mizigo ya watu.

Hashimu alikuwa mteja wangu kutoka Kariakoo, mtu wa makamo, mwenye tumbo dogo na mzaha mwingi. Alipomaliza kununua alinionyesha stoo yake nyuma ya karakana, ukuta kwa ukuta na chumba cha boila na mapipa ya dawa ya kupaushia. Mlango ulikuwa wa chuma, wa mabawa mawili. Kwa nje kulikuwa na komeo la mwenye karakana. Kwa ndani kulikuwa na vishikio viwili, na Hashimu alipitisha mnyororo kwenye vishikio hivyo akaunganisha ncha zake kwa kufuli kubwa la shaba.

"Kalale mjini, Bi Kwanini," akaniambia. "Mimi na marobota tumeshaoana."

"Na Bi Saumu je?"

"Huyo ndiye mke mkubwa. Hawa wa kupita tu." Akalipiga kufuli kofi la mapenzi. "Hili limelinda duka langu miaka yote, vibaka wa Kariakoo wameshindwa. Ufunguo mmoja ninao, mwingine anao Saumu. Laoban na vijana wake watalitazama tu."

Laoban ni bosi, mwenye karakana. Nilimwuliza Hashimu swali langu la kawaida la kuudhi: je, ukipata shida humo ndani?

"Nitagonga. Atakuja mwenyewe na shoka, nani anataka maiti kwenye stoo yake?"

Nikaenda mjini. Kesho yake asubuhi peja yangu iliita nikiwa nakunywa chai.

Nilipofika Xintang, stoo haikuwepo. Chumba cha boila hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na shimo, kuta zilizolala chali, na harufu ya dawa iliyokamata kooni. Malori yalikuwa yanapakia kifusi na majivu, yanaondoka, mengine yanaingia. Kamba zilikuwa zimefungwa kuzunguka uwanja. Watu wa mtaa walisimama nje ya kamba, na hakuna aliyekuwa akizungumza habari za boila kulipuka. Walizungumza habari za mwanga. Alfajiri, walisema, mpira wa mwanga wa zambarau na machungwa ulionekana juu ya Xintang, ukasimama hewani, ukapanda, ukatoweka. Waendesha baiskeli waliuona. Wavushaji wa mtoni waliuona. Walitumia neno "feidie", sahani inayoruka, kwa sauti ya watu waliopata bahati.

Nilimkuta laoban ana majivu kwenye nyusi.

"Yuko wapi Hashimu?"

"Meiyou. Hakukuwa na mtu ndani."

"Hakukuwa na mtu kwa nani?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha yake mwenyewe. "Rafiki yako aliondoka jana jioni. Alisema anakwenda Hong Kong. Kitu kimeanguka kutoka juu, fanyi, kikagonga boila yangu. Mimi ndiye niliyepata hasara." Fanyi ni mkalimani. Kwenye kazi hii mtu huwa hana jina.

Nilitaka kuvuka kamba. Askari alininyanyua kwa kiwiko, kwa adabu, akanirudisha. Lori lingine likaondoka.

Xiaobei mnavyoijua: habari ikifika mezani inaongezwa chumvi kabla ya wali. Kwanza Hashimu alikuwa Hong Kong kwa mwanamke. Baadaye akawa amechukuliwa na sahani. Mwenye bidii zaidi kuieneza habari ya pili alikuwa Baba Upendo, mfanyabiashara kutoka Mbeya, Mlokole, mtu mwema asiyejua kunyamaza. Yeye alikuwa na mzigo karakana ileile, lakini kwa ajili ya mgongo wake alilala gesti ya ng'ambo ya barabara. Mwanga aliuona kwa macho yake.

"Jeshi lina chombo kingine wamekificha chini ya mlima," alituambia, mdomo umejaa. "Wanakifungua skrubu moja moja waige injini yake. Wamarekani wanacho chao jangwani, Wachina watakosaje?"

"Baba Upendo," nikasema, "chombo kivuke nyota zote zile, kije kugonga kiwanda cha suruali?"

"Kwani wewe umevuka bahari ngapi kufuata suruali?"

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Kisha tukakumbuka tulikuwa tunamzungumzia nani.

Bi Saumu alinipata kwa simu ya dukani, pale tulipokuwa tukipokelea simu za nyumbani. Hatukuwa tumewahi kuonana. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio.

"Mdogo wangu, nimeambiwa mambo matatu. Kaniacha, kachukuliwa na mashetani ya angani, kafa. Mimi nataka jambo moja. Ni mjane au si mjane? Nikae eda au nisikae?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu niliposimama kwenye kamba. Lakini mtu anayewadai wenzake ushahidi wa sahani za angani hawezi kumwambia mke wa mtu "mumeo amekufa" kwa sababu tu anahisi hivyo. Nilimwambia sina hakika, nitatafuta. Akasema, "Tafuta." Kisha akasema Hashimu aliwahi kumwambia kwamba mimi nauliza sana.

Baadaye ikaundwa kamati ya kuchunguza ule mwanga. Msinielewe vibaya: sijaona hata siku moja dalili kwamba watu wale walikuwa wanadanganya. Kulikuwa na maofisa wawili waliotaka iishe, na watu wa kujitolea waliokuwa wamekusanya taarifa za vitu vya angani kwa miaka, bila shukrani, wakichekwa na wake zao. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Liang, mzee mwembamba aliyetumia maisha yake yote kurusha maputo ya hali ya hewa. Walihitaji shahidi wa kigeni, kwa sababu ushahidi wa mgeni hupendeza kwenye ripoti, na shahidi wa kigeni alikuwa Baba Upendo. Baba Upendo alihitaji mkalimani. Hivyo ndivyo nilivyoingia chumba ambacho nisingeruhusiwa hata kukisogelea.

"Mwulize mwanga ulikuwa na umbo gani," alisema Liang.

"Mviringo," akasema Baba Upendo. "Kama sinia. Nilikuwa dirishani nasali sala ya asubuhi."

"Rangi?"

"Machungwa kwanza, kisha zambarau. Na kabla ya hapo nilisikia mlango unagongwa."

Nilitafsiri yote. Liang aliinua mkono. "Mwulize zambarau ya namna gani. Nzito au nyepesi?"

Baba Upendo alieleza zambarau. Ilichukua muda. Ofisa mmoja alileta vipande vya karatasi za rangi ili achague. Nami nikafanya jambo ambalo mkalimani hatakiwi kulifanya: nikauliza swali langu mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Mlango gani uligongwa, Baba Upendo?"

"Wa chuma. Ng'ambo kule kiwandani. Puu, puu, puu. Nikadhani mashine zimeanza mapema." Niliona wazo likimfika, polepole, mpaka likamjaa usoni. "Bi Kwanini. Ile haikuwa mashine."

"Anasema nini?" akauliza Liang.

"Anasema mtu alikuwa anagonga mlango wa stoo kutoka ndani, kabla ya mwanga."

Ofisa mkubwa alisema shahidi aulizwe kuhusu mwanga tu. Liang aliandika kitu, kisha akarudi kwenye rangi. Baba Upendo hakuweza kuendelea. Alikaa ameziba masikio, kama vile mlango ulikuwa unagongwa pale pale chumbani.

Tulipopewa mapumziko nilikwenda kwenye meza ya pembeni. Hapo, juu ya kitambaa cheusi, walikuwa wamepanga vyuma vilivyookotwa uwanjani kabla ya malori kumaliza kazi, kila kimoja na namba yake. Vingi ni vipande vya boila, hata mtoto angevijua. Kilichowasisimua ni kipande namba saba. Kilikuwa donge la manjano lenye mamia ya vinundu, mishipa na meno madogo, kama kitu kilichoota badala ya kutengenezwa. Kijana wa kujitolea aliniambia, kwa kunong'ona, kwamba mchanganyiko wa metali zake haufanani na bidhaa yoyote inayojulikana, na kwamba kitapelekwa kaskazini, kwenye taasisi isiyotajwa jina.

Nikatoa sumaku ya Sefu. Haikunasa. Ni shaba. Vinundu vile vilikuwa vifungo vya jinzi, na meno yale yalikuwa zipu, zipu halali za daraja la kwanza, alizozipigania Hashimu, zimeyeyuka zikakifunika kitu kingine. Nilikigeuza. Upande uliokuwa umelala kwenye sakafu ulikuwa bapa na safi. Ulikuwa na tundu la ufunguo.

"Usiguse!" akasema kijana.

Liang alikuja. Nilimwonyesha tundu. Nilimwonyesha pete ya juu, imefungwa, na ndani yake pete mbili za mnyororo.

"Kufuli," akasema, baada ya kulitazama sana. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa mtoto si wake. "China ina makufuli mengi, fanyi."

"Hili ni la Kariakoo. Mwenyewe alijifungia nalo kwa ndani."

"Pengine lilining'inia tu kwenye mnyororo, mlango ukiwa wazi."

Ilikuwa hoja ya haki, na nilimheshimu kwa kuitoa. "Lingening'inia, lingeshika pete moja. Hili limeshika ncha zote mbili. Pengine moshi ulimwahi kabla hajaupata ufunguo."

Alivua miwani, akaifuta. Nikamwambia kwamba ufunguo wa pili uko Dar es Salaam. Nikamwomba asikipeleke kipande kaskazini kabla haujafika. Nilimwambia kama mwanafizikia kwa mhandisi: hapa kuna dai, na hapa kuna jaribio linaloweza kulivunja. Akasema, "Ukija na usiingie?" Nikasema, "Nitakuandikia zambarau yote unayotaka."

Alikizuia. Sijui aliwaambia nini wenzake. Majuma yakapita, kisha miezi, kwa sababu ufunguo haukupewa posta. Ulipewa mtu. Mtu wa kwanza alinyimwa viza, wa pili aliugua, wa tatu alipitia Dubai akakaa. Ulipofika Xiaobei ulikuwa ndani ya kopo tupu la mafuta ya mgando, umeviringishwa pamba, kama dawa.

Tulikwenda watatu: mimi, Sefu na Baba Upendo. Sefu alikuwa hajasema mengi tangu moto. Wateja walipomwuliza kama walale na mizigo, alikuwa anajibu kwamba hajui. Ilikuwa asubuhi, jua likipiga mezani. Watu wa kujitolea walisimama nyuma ya Liang, na niliwaonea huruma, kwa sababu walikuwa wakiomba kimoyomoyo usiingie. Mimi pia. Ningefurahi sana kushindwa siku ile. Ningemwandikia Bi Saumu kwamba kufuli si lake, na kwamba Hong Kong ni mji mkubwa.

Liang alinipa nafasi mimi. Nikampa Sefu.

Ufunguo uliingia wote, mpaka shingoni. Haukugeuka, ndani kulikuwa kumeyeyuka. Lakini uliingia kama mtu anayeingia kwake.

Baba Upendo akasema, "Bwana Yesu," kwa sauti ndogo. Sefu hakuutoa ufunguo. Aliuacha, akarudi nyuma hatua, akasoma Fatiha.

Liang alichukua kalamu akakifuta kipande namba saba kwenye orodha yake. Pembeni akaandika kwamba si cha asili ya angani.

"Na mtu aliyekuwa ndani?" nikauliza.

"Kamati hii iliundwa kuchunguza kilichokuja kutoka juu," akasema. Hakusema kwa ukatili. "Ya chini hayamo kwenye mamlaka yetu. Hakuna."

"Hakuna kwa nani?"

Alitazama dirishani, kisha akanitazama. "Kwa sisi sote, fanyi."

Ripoti ilitoka baadaye. Mwanga wa Xintang umewekwa miongoni mwa mambo yasiyoelezeka. Laoban amejenga karakana nyingine, kubwa zaidi. Huko Xiaobei bado wanaamini kwamba jeshi lilichukua chombo na kukificha, na mkiwasikia msibishane nao. Kuna kilichofichwa kweli, ila kilikuwa mtu wa Kariakoo mwenye tumbo dogo, na hakuna aliyehitaji mlima kumfichia. Ilitosha kuuliza kuhusu rangi.

Kufuli tulipewa. Kwa kuwa halikutoka angani, halikuwa mali ya mtu. Sefu aliandika maelezo yetu, na ushahidi wa Baba Upendo, akampelekea shekhe wa nyumbani pamoja na kufuli lenyewe. Shekhe aliridhika. Sefu akaniambia jambo moja ambalo sikulijua, maana elimu yangu ilikuwa ya fizikia: eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Ni miezi minne na siku kumi, mjane asijipambe wala asipake hina. Na tangu moto ule, muda huo ulikuwa umeshapita.

Nilimpigia Bi Saumu mwenyewe. Nilimweleza lililotokea, kwa utaratibu, kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza. Nikamwambia ni mjane, na kwamba hana eda ya kukaa, imekwisha.

"Imekwisha lini?" akauliza.

Nikamwambia.

Nilimsikia akihesabu miezi kwa sauti ndogo.

"Mdogo wangu," akasema, "eda hiyo mimi nimeikaa na hina mikononi. Nilipaka mara mbili. Nilisema huenda akarudi Ijumaa."

Juma lile nilimrudishia Sefu sumaku. Hakuipokea. Iko mezani hapa, na anayeanza kazi aje aichukue. Atakapofika Xintang, amwambie mteja mlango ufungwe kwa nje, yeye akalale mjini, na mzigo ukibadilishwa, ubadilishwe.